Mabenchi ya Kanisani

Alhamisi jioni

Mgongo unauma, na nilijitakia. Jana sisi wa kamati ya shule tulibeba mabenchi ya kanisani hadi darasani, mkaguzi asikute watoto wamekaa chini.

Leo amefika, akagusa ubao wa kupigia magoti.

"Huu wa nini, Ndugu Mwalimu Mkuu?"

"Wa kuwekea miguu, ndugu mkaguzi."

Akafurahi kweli. Akaandika kwamba hapa madawati yanatosha, mgawo wetu wa madawati kutoka Sumbawanga uende shule ya Muze.

Tukapiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote, kabla sijaelewa.

Kesho tunarudisha mabenchi, padri anayataka. Binti yangu Felista ameniuliza kama tofali lake la kukalia darasani bado lipo.

Lipo. Nililificha mwenyewe.