Majani kwa Namba ya Baba Mdogo

Jumatatu, 6 Oktoba
Maharagwe niliyochemsha jana nimeyagawa mikebe minne. Miwili yangu, miwili ya Mercy, ninayekaa naye chumba kimoja hapa Kericho. Gesi iliisha mwezi uliopita. Tunapikia stovu ya mafuta taa na nguo zote zinanuka. Nimetembea hadi chuoni, dakika arobaini, kwenye mvua. Viatu havijakauka.

Nusu ya karo imelipwa na mkopo wa serikali. Nusu iliyobaki ni bonasi ya chai ya Baba, ile kiwanda hulipa wakulima mara moja kwa mwaka. Mwisho ni Ijumaa, tarehe saba Novemba. Asiyemaliza hapati kadi ya mtihani. Niko mwaka wa pili wa ualimu. Sina wasiwasi. Bonasi huwa inakuja.

Jumapili, 12 Oktoba
Nyumbani, huku upande wa Kapkatet. Baada ya kanisa Baba amenieleza jambo ambalo sikulijua. Tangu Januari hajapeleka hata kilo moja ya majani kwa namba yake ya mkulima. Nilipoingia chuo alichukua mkopo kupitia kiwanda, na kiwanda kilikuwa kinamkata kila mwezi hadi anabaki na pesa ya chumvi. Basi majani yetu yote yamepimwa kwa namba ya ndugu yake, Baba Mdogo. Malipo ya mwezi Baba Mdogo humletea mkononi. Bonasi italetwa vivyo hivyo. Wengi hapa hufanya hivyo.

"Tumenyonya ziwa moja," alisema.

Sikupenda.

Alhamisi, 16 Oktoba
Bonasi imeingia. Baba yake Mercy amemtumia yake leo leo. Amenunua nusu kilo ya nyama. "Leo tunakula kama watu," akasema. "Hayo maharagwe yako yapumzike." Nilicheka, nikala.

Baba Mdogo hashiki simu.

Jumamosi, 18 Oktoba
Bado hashiki.

Jumanne, 21 Oktoba
Hakuna bonasi. Mama amenipigia mchana. Mwezi wa Juni Baba Mdogo alikwenda benki, akaonyesha kilo zake, akakopa kwa dhamana ya bonasi yote. Amemalizia nyumba yake ya mawe. Pesa zilipoingia benki ikazichukua asubuhi hiyo hiyo. Kilo alizoonyesha nyingi zilikuwa zetu. Yaani Baba alikimbia deni lake akaingia katika deni la mwingine, na mwenyewe hakujua. Kila asubuhi Baba Mdogo alimwona akipita na gunia la majani mgongoni. Alimsalimu. Aliuliza habari zangu za chuo.

Nimekosa vipindi vyote vya mchana.

Jumamosi, 25 Oktoba
Nyumbani tena. Baba Mdogo alikuja mwenyewe, akapewa chai, akanywa vikombe viwili. Akasema atalipa mwakani.

Mama hana kawaida ya kuingilia wanaume wakiongea. Leo aliingilia. "Shemeji, mtihani wa huyu ni mwakani?"

Baba akasema basi watakutana kwa chifu. Baba Mdogo akacheka. "Nenda, mzee. Umwambie ulikuwa unatoroka deni la kiwanda ukajificha kwangu. Na ubebe karatasi ya kilo yenye jina lako."

Baba hana karatasi hiyo. Akaangalia chini. Sijawahi kumwona akiangalia chini mbele ya mdogo wake.

Namchukia Baba Mdogo. Nina hasira na Baba pia. Hilo la pili limenichukua muda kuliandika.

Jumatatu, 27 Oktoba
Ofisi ya karo. Nimepanga foleni kwa saa tatu. Mama wa dirishani alinisikiliza mpaka mwisho, akaniita "my dear", akasema haiwezekani.

Jumapili, 2 Novemba
Baba anataka kuuza ng'ombe. Ndiye tu anayekamwa sasa. Mnunuzi alitoka Longisa kuja kumwona, akamshika mgongo, akamfungua mdomo. Nilikaa jikoni na kalamu nikipiga hesabu. Maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo kodi ya chumba changu na unga wa hapa nyumbani. Akiuzwa, nitafanya mtihani huu, halafu Januari sina pa kulala na wao hawana cha kula.

Nikamwambia Baba asiuze. Akasema mimi ni mtoto. Nikasema ndiyo, ni mtoto, lakini asiuze. Akatoka nje akakaa huko muda mrefu. Mnunuzi akaondoka mikono mitupu, akilaani matope yetu.

Ijumaa, 7 Novemba
Nimejaza fomu ya kuahirisha masomo. Mwaka mmoja. Sababu: karo. Kulikuwa na mistari minne ya kueleza. Nimetumia neno moja.

Mercy alinisaidia kufunga godoro kwa kamba. Mwishoni akasema, "Sasa nitapata wapi mtu wa kuchemsha maharagwe kwa ratiba?" Akaanza kulia yeye, sio mimi.

Jumatatu, 17 Novemba
Nachuma kuanzia saa kumi na mbili na nusu. Majani mawili na chipukizi, kama nilivyofundishwa nikiwa mdogo. Vidole vimekuwa vyeusi na maji ya majani.

Leo nimeyapeleka mwenyewe kituoni yanakopimwa. Karani, kwa mazoea, akaanza kuandika namba ya Baba Mdogo. Nikamzuia, nikamtajia ya Baba. Baba alikuwa nyuma yangu. Alijua kiwanda kitakata. Akanisaidia kupandisha gunia kwenye mizani. Baba Mdogo naye alikuwa kwenye foleni. Nilimsalimu kwa sababu Mama alinilea hivyo.

Jumatano, 3 Desemba
Mtihani wa kwanza ulikuwa leo asubuhi. Walipotoka, Mercy akanitumia picha ya maswali.

Nilichuma mpaka saa nane. Nikanawa mikono kwa sabuni mara mbili. Nikakaa mezani, nikaweka simu ihesabu saa mbili, nikaanza kuandika kwenye daftari. Mama alifukuza kuku mlangoni ili wasinisumbue.

Swali la nne nililijua lote. La pili sikulimaliza.

Simu ilipolia niliweka kalamu chini, kama inavyotakiwa. Hakuna aliyekuja kukusanya. Mvua ilikuwa imeanza, nikatoka kuanua nguo.