Mgonjwa Aliyebaki na Salamu

Baba,

Assalaam aleikum. Makaburini siwezi kufika tangu wanajeshi waweke kizuizi kwenye njia ya Burat. Kila nikiomba ruhusa naulizwa naenda kumwona nani, na nimechoka kujibu. Kwa hiyo nakuandikia.

Ulipofariki, vita hivi vya shifta, waasi wa huku kaskazini, vilikuwa habari za redio. Sasa viko jikoni. Maziwa hayaingii mjini kwa sababu mifugo haipiti, na jua likizama hakuna anayetia mguu nje. Daktari huja kutoka Meru pale tu msafara wa wanajeshi unapokuja. Siku nyingine zote wodi iko juu yangu, na wewe uliyenifundisha uuguzi hupo.

Kuna mgonjwa ananikosesha raha. Ni Mzee Dida, mfugaji wa Kiborana wa upande wa Ngaremara. Askari walimkuta bomani mwake wakamwuliza ni akina nani waliopita pale na bunduki. Hakujibu. Walimleta kwetu kwa sababu mkono wake wa kulia ulikuwa umelegea, lakini afande, mkubwa wao, hakuamini ugonjwa. Alisimama mlangoni akamsalimia kwa Kiborana cha kuokoteza, na mzee akaitikia vizuri kabisa, "Nagaa," yaani amani, na tena nagaa, kama mtu aliyekaribishwa chai.

Afande akanigeukia. "Sista, huyu anaongea. Ni jeuri tu."

Nikamkumbuka Bibi. Kiharusi kilipompiga alisoma Fatiha bila kukosea, akapokea salamu za majirani wote, nasi tukasema amepona. Wewe ukachukua kijiko ukamwuliza hiki ni nini. Alikitia mdomoni kuonyesha kazi yake, lakini jina halikuja. Ukaniambia, "Salamu hutoka zenyewe, Halima. Pima neno ambalo mtu analitafuta."

Basi nilimpima mzee mbele ya afande. Funga macho, akafunga. Inua mkono ulio mzima, akainua. Nilimpa kikombe kitupu, akakipeleka mdomoni. Nilipomwuliza kinaitwaje, alijikakamua mpaka jasho likamtoka, akasema nagaa. Ufunguo pia, nagaa. Kisha nikamwita bintiye, Talaso, aliyekuwa amekaa nje tangu asubuhi. Mzee alimshika mkono, akagusa midomo yake mwenyewe, akalia. Jina la mwanawe, Baba. Nilimwona akilitafuta.

Afande alivua kofia, nikadhani tumeokoka. Kisha akasema polepole, "Sawa, ni mgonjwa. Siku maneno yakirudi, uniite mimi kwanza."

Tangu hapo naogopa kazi uliyonifundisha. Kila asubuhi naketi na mzee, namwonyesha vitu, nataja, naye ananifuatisha. Jana alisema "bishaan," maji, wazi kabisa. Nikacheka kwa furaha, halafu nikageuka kutazama mlango. Ni mwuguzi gani huyu anayeomba mgonjwa wake asipone haraka? Nimemsihi Talaso asiwasimulie watu kisimani. Nikisikia gari tu, nakimbilia dirishani, hata kama ni lori la miraa.

Ulizoea kusema, eleza ulichokiona, usitie chumvi. Ningekuuliza kama kunyamaza nako ni chumvi. Ningekuuliza mengi. Wengine hapa siwezi kuwauliza, maana sijui nani anapeleka maneno wapi.

Pumzika, Baba yangu, Mungu akupanulie kaburi. Nakuahidi kwamba sitamnyima mzee neno lolote analolitafuta. Nitamfundisha jina la binti yake hata likichukua mwaka mzima, kwa sababu Talaso anastahili kuitwa na baba yake, na mimi najua kukosa sauti hiyo kulivyo. Afande akija kuuliza, nitamweleza nilichokiona, kwamba mzee amemwita mwanawe. Majina mengine, yale anayoyataka yeye, sitayapima.

Mwanao,
Halima