Mkono wa Baba Mkwe

Jumatatu, 4 Agosti 1975

Zamu ya asubuhi tena. Nimechemsha uji wa yanga, ule unga wa mahindi ya njano ya msaada, nimeweka kikombe cha baba mkwe juu ya kigoda, nimerudi nyuma. Ndivyo tunavyoishi. Alikuja kutoka kijijini, upande wa Usagara, kutibiwa macho. Wiki ya pili sasa. Miaka kumi na moja nimeolewa na mwanawe, sijawahi kumgusa hata kidole. Kwetu Wasukuma mkwe haguswi. Wodini nashika wanaume wa kila namna. Nyumbani nakwepa kivuli cha mmoja.

Leo alisimama katikati ya ua, mkono kifuani. Nikamtuma Kabula, binti yetu, akamuulize. Akarudi na jibu: "Babu anasema ni kiungulia tu." Nikampa Kabula maji ya magadi ampelekee.

Jumanne, 5 Agosti

Kiungulia bado. Nimeleta vidonge vya tumbo kutoka kazini. Kabula kapeleka, karudi na shukrani. Babu kamaliza uji? Nusu. Analala? Anakaa.

Mzee mbishi.

Alhamisi, 7 Agosti

Ameanguka uani, saa nne asubuhi. Zamu yangu ilikuwa ya mchana, kwa hiyo nilikuwepo nyumbani. Nilikuwepo, na nilisimama. Nesi wa miaka tisa, mikono imening'inia. Nilipiga kelele majirani waje. Mama Nyamizi ndiye aliyemfungua vifungo vya shati. Ndiye aliyesema ameloa jasho, na baridi kama samaki.

Jasho la baridi. Kama ningemshika Jumatatu ningelijua palepale. Mgonjwa yeyote mwingine ningemshika.

Jirani mwenye gari alitupeleka hospitali. Mimi nilikaa mbele.

Si kiungulia. Ni moyo. Mshipa wake umeziba.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimepeleka ujumbe kwa mume wangu, Masanja. Yuko Geita na malori ya pamba. Hakuna jibu.

Kitanda cha pili kutoka kwa mzee yuko dereva mmoja, miaka thelathini na sita. Ugonjwa uleule, aliletwa Jumatatu. Leo amekaa kitandani anakula ugali na kuwatania wauguzi, anauliza nani ameolewa na nani bado. Baba mkwe, mwenye sabini na kitu, hawezi kulala chali. Miguu imevimba. Anahema kama amepanda kilima cha Bugando kwa mguu.

Nimemfuata daktari. Nimemuuliza kwa nini huyu hivi na yule vile. Ni mtu mpole, alinieleza pole pole. Moyo ukikatiwa damu, nyama yake huanza kufa. Wa kijana una akiba, huvumilia, damu ikirudi huamka. Wa mzee akiba yake imekwisha. Pigo lilelile humjeruhi zaidi. Na hata damu inaporudi, kule kurudi kwenyewe humuumiza.

Hilo nililielewa upesi. Mwaka jana, wakati wa njaa, tuliwaona watoto waliokaa siku nyingi bila chakula. Uji ukija kwa pupa ulikuwa unawamaliza.

Nikauliza la mwisho. Zile siku tatu za magadi? Alitazama faili. Akasema labda, kidogo, kwa umri ule si sana. Sijui kama alisema kweli au alinihurumia. Nimechukia vyote viwili.

Utu uzima dawa, wanasema watu. Waje wodi ya wanaume.

Jumamosi, 9 Agosti

Masanja bado. Kivuko kimeharibika, wanasema. Dawa ya kukojoza maji imempa nafuu ya saa moja hivi. Basi. Hakuna kingine kabatini, na hata kabati lingejaa sijui tungempa nini.

Nasimama miguuni pa kitanda. Nafuta kidirisha ambacho ni kisafi.

Jumapili, 10 Agosti

Nesi wa zamu aliitwa wodi nyingine. Nilibaki peke yangu naye, nimegeukia ukuta kama inavyotakiwa. Nikasikia ananiita.

Hakuniita mkwe. Hakuniita Mama Kabula.

"Nesi," alisema. "Njoo upime."

Nikageuka. Alikuwa amenyoosha mkono juu ya shuka, kiganja juu. Macho ameyafumba, ili asinione, au ili mimi nisione haya. Nikamshika. Kiganja kigumu kwa jembe, kifundo chembamba kuliko nilivyodhani. Mapigo yanakimbia, yanaruka, yanakimbia. Nilihesabu dakika nzima. Nikahesabu ya pili. Ya tatu sikuhesabu, nilishika tu.

Nilitaka kumwomba msamaha. Nesi haombi msamaha wakati anapima.

Jumatano, 13 Agosti

Alifariki Jumatatu alfajiri. Masanja alifika jioni, vumbi mpaka kwenye kope. Jana tumezika kijijini.

Dereva ameruhusiwa. Alipita nyumbani leo kutoa pole, furushi lake amelibeba mwenyewe. Nimempa chai. Nilifurahi kumwona na sikufurahi.

Asubuhi nilitoa nje kigoda cha uji wake kabla sijakumbuka.

Baada ya wageni kuondoka Masanja aliniuliza baba alisema nini mwisho. Nikamwambia alimwita nesi.

"Alikuja?"

Nikasema alikuja.