Risasi Kumi na Nane za Kambi ya Nuu

Jumatatu, 2 Agosti 1971

Maganda ya risasi mia moja na kumi leo. Yamechanganywa tena debe moja, ya zamani na ya sasa. Ya zamani yana tundu kubwa la fataki nyuma, ya sasa tundu dogo. Aliyechanganya ni Bwana Miwani mwenyewe, mwenye karakana hii ya kujaza risasi, halafu asubuhi yote ananihubiria mimi: Mama Ndinda, fataki ndogo kwa tundu dogo, fataki kubwa kwa tundu kubwa, bila fataki baruti haiwaki na bastola ni chuma tu. Miaka miwili naisikia hiyo. Hata Ndinda anaijua, na ana miaka minne.

Yeye anatenga kwa miwani. Mimi natenga kwa ukucha. Namaliza kabla yake.

Baba Ndinda yuko kambini huko mbele ya Nuu tangu Machi. Anabeba bunduki za Bwana Mdogo, mpwa wa Bwana Miwani, anayewazungusha wageni wa kuwinda. Namtaka nyumbani. Basi, nimeandika.

Jumanne, 3 Agosti

Vumbi. Gari moshi la mizigo lilisimama stesheni saa tatu nzima, sijui kwa nini. Sikufanya kazi ya maana. Nilipika maharagwe mengi kupita kiasi, kama bado tuko watatu.

Alhamisi, 5 Agosti

Barua. Mama Zuhura wa dukani aliileta mwenyewe hadi karakana, anaipeperusha mlangoni. "Bi harusi, mwenyewe ameandika!" Bi harusi, na ndoa ina miaka sita. Mama huyo hana adabu, na leo ningembusu.

Nusu ukurasa. Anaandika kama mtu anayelipia kila neno. Hajambo. Mbuzi wa huko ni wanono. Alidhani angekuja mwisho wa Julai, lakini wageni wengine wameshuka, kwa hivyo mpaka Oktoba. Nisalimie Ndinda.

Oktoba!

Niliisoma mara nne nikiwa kazini, imelala kando ya mashine ya kushindilia. Lori la posho lilikuwa linaondoka saa sita na Bwana Mdogo alitaka risasi kumi na nane za bastola. Maganda ya zamani, yale ya tundu kubwa. Nikajaza zote kumi na nane huku nikimtukana kimoyomoyo, yeye na wageni wake na wanyama wote wa Ukambani. Lori likaondoka. Nililia kidogo chooni.

Jumamosi, 7 Agosti

Ndinda alimwita dereva wa lori moja la mizigo baba. Dereva akacheka. Mimi sikucheka.

Nimetoa koti la Baba Ndinda sandukuni. Halina harufu yake tena. Lina harufu ya sabuni, kwa sababu mimi mjinga nililifua.

Jumatatu, 9 Agosti

Mungu wangu.

Niandike polepole. Asubuhi nilifungua kabati la fataki. Kopo la fataki kubwa za bastola lilikuwa bado na karatasi yake ya gundi. Halijaguswa. Kando yake kopo la fataki kubwa za bunduki, wazi. Nikahesabu. Zimepungua kumi na nane.

Kubwa na kubwa. Upana ni mmoja. Zinapishana kimo tu, za bunduki ni ndefu zaidi kwa unene wa ukucha. Miaka miwili ya mahubiri ya ndogo na kubwa, na kumbe shimo lenyewe liko kati ya kubwa mbili. Bwana Miwani aliniambia mwezi wa kwanza kabisa. Ninalijua hilo kama ninavyolijua jina langu. Ndiyo maana kila risasi huwa naipitishia kidole nyuma kabla ya kuiweka sandukuni, fataki isichomoze. Alhamisi sikupitisha hata moja. Mkono mmoja ulikuwa kwenye barua.

Nikatia moja kwenye ganda tupu, nione. Imechomoza. Asi! Kipofu angeiona.

Bastola ya Bwana Mdogo ina duara la risasi sita linalozunguka. Fataki ikichomoza, duara linakwama. Atavuta, na hakuna kitu. Na hiyo bastola haitolewi kwa mchezo. Hutolewa mnyama aliyejeruhiwa akiingia kichakani, pale ambapo bunduki ndefu haigeuki. Anayetangulia kichakani kufuata damu ni Baba Ndinda. Mikono yake ina panga tu.

Siku nne zimepita tayari. Sijamwambia mtu.

Baadaye

Nimejifungia. Nikisema, nafukuzwa. Bwana Miwani alishasema: kosa la fataki ni moja tu, la pili hufanywa na mtu mwingine. Na nikifukuzwa, nyumba hii ni ya kazi, narudi Matinyani kwa mama mkwe. Sina neno na Mwaitu, ndivyo ninavyomwita, ni mtu mzuri. Lakini lori la kambi halipiti Matinyani. Barua haifiki. Hapa Sultan Hamud nasikia habari zake kila wiki mbili, hata kama ni dereva tu anayesema, yupo, amekonda, alikula ugali wangu. Kule nitakaa mpaka Oktoba kama mjane.

Naogopa kuwa bila habari zake. Aibu gani hii, kulipima jambo kama hilo? Kesho nasema.

Jumanne, 10 Agosti

Nimesema. Saa moja asubuhi, nimesimama, kopo mkononi.

Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa. Akaivua tena. "Hata wewe, Mama Ndinda?" Ni hayo tu. Afadhali angenifokea.

Lori la posho haliendi tena hadi wiki ijayo, na landrova ilikuwa juu ya mawe, haina magurudumu ya nyuma. Kilonzo dereva aliyafunga kwa jasho na akaondoka saa tano, na barua ya Bwana Miwani na risasi nyingine alizozijaza huyo bwana mwenyewe. Nilizipitishia kidole zote mbele yake. Hakunizuia. Kisha akanyoosha mkono, nikampa ufunguo wa kabati.

Nahama wiki ijayo.

Jumatano, 11 Agosti

Hakuna kitu.

Alhamisi, 12 Agosti

Kilonzo hajarudi. Kwenda siku moja, kurudi siku moja, ndivyo alivyosema.

Mama Zuhura alikuja jioni bila kupeperusha chochote. Akaketi. Nikajua. Mtu wa mayai amemwambia kwamba huko Nuu chui ameshambulia. Ameshambulia nani? Hajui. Mtu? Hajui. Wa kambini? Mwanangu, sijui, nimekuja tu usisikie barabarani. Akanisugulia mgongo kama mtoto mwenye kikohozi.

Nikimuua mume wangu kwa sababu nilimkumbuka sana, nitawaambia nini watu?

Ijumaa, 13 Agosti

Sijala. Nimefunga mizigo, nimefungua, nimefunga tena. Nimeomba, lakini maombi yangu ni maneno mawili tu, arudi mzima, arudi mzima, kama santuri iliyokwama. Ndinda ananiangalia. Nimempiga kofi kwa kumwaga uji, kisha nikamwomba msamaha. Akasema haidhuru. Anasema kama baba yake.

Jumamosi, 14 Agosti

Yuko hapa. Anaoga nyuma ya nyumba, namsikia anavyomwaga maji.

Landrova ilisimama saa nane mchana, akashuka yeye kabla ya Kilonzo. Mwembamba. Ndevu za mbuzi. Ndinda alijificha nyuma yangu. Mimi niliganda, halafu nikaenda nikampiga ngumi kifuani, mbele ya watu wote, mbili, tatu. Akaacha nimalize. Bwana Mdogo amempa ruhusa hadi Jumatatu, na landrova iliwalaza njiani.

Chui wa Mama Zuhura alikula mbwa wa mtu.

Risasi zote kumi na nane amerudi nazo, kwenye kopo la tumbaku. Hazijaingia kwenye bastola hata dakika moja. Alizigundua jioni ileile lori lilipofika. Alimwambia Bwana Mdogo zimeloa maji mtoni, wakatumia za akiba, akazificha hizi ili anirudishie mkononi mimi mwenyewe, kimya, Oktoba. Hakuna ambaye angejua. Ningekuwa bado na ufunguo wangu.

Nikamuuliza alizigunduaje. Akaangalia chini, huyu mtu mkubwa. Akasema huwa anazipapasa. Zikija kutoka kwangu, anazitoa moja moja na kuzipapasa nyuma kwa kidole gumba, pale ninapopapasa mimi. Za watu wengine anazitia tu kwenye mkanda. Zangu anazipapasa kwa sababu mimi ndiye niliyezigusa mwisho.

Nusu ukurasa wa barua. Mbuzi wanono. Na kumbe.

Barua ya Bwana Miwani haikutaja aliyegundua, wala Kilonzo hakumwambia. Nikamwambia ni mimi niliyesema, nimefukuzwa. Alicheka. Halafu akaacha kucheka.

Jumapili, 15 Agosti

Hatukwenda kanisani. Bwana asamehe. Amemnyoa Ndinda, ametengeneza mlango wa nyumba ambayo si yetu tena. Nilimkaanga kuku mzima. Nilimpenda mpaka nikamkasirikia. Kila alipotazama jua nilijua anahesabu saa.

Jumatatu, 16 Agosti

Ameondoka na Kilonzo asubuhi. Alikwenda kwanza kwa Bwana Miwani kuniombea. Alitoka na kofia mkononi, akatikisa kichwa. Bwana Miwani ana haki yake. Ningekuwa yeye ningefanya vivyo hivyo.

Alhamisi, 19 Agosti

Matinyani. Mwaitu ametupa chumba cha upande wa mashariki, chenye kitanda cha kamba. Haulizi mengi. Kuna upepo. Nafaka ya wimbi ya mwaka jana bado ipo kidogo ghalani. Ndinda amepata watoto wenzake na hajanitafuta tangu asubuhi.

Kule Sultan Hamud, mezani pangu, amewekwa mpwa wa Kilonzo. Nasikia ana mkono mzuri. Ningesema tena? Ningesema. Kwa hilo nina amani.

Siku ile ya kuondoka nilimshika Baba Ndinda mkono dirishani mwa gari, nikamwambia hata za huyo mpya azipapase, moja moja, aniahidi. Akaahidi upesi sana. Hajui kusema uongo, tangu zamani hajui.

Atazitia tu kwenye mkanda. Ana sababu gani ya kuzipapasa?

Nimekaa nje na kibuyu cha maji. Mwaitu anachambua mbaazi. Ni Agosti bado.