Chupa Yenye Midomo Miwili

Wakesho binti yangu,

Ungekuwepo, ungeniambia kama kawaida yako: "Baba, fupisha." Wiki hii siwezi. Mwanao ametutisha.

Tangu tukuzike, Mwadime ananyonya ile chupa ya kioo aliyoinunua mumeo kule Voi. Inalala kama ndizi na ina midomo miwili: mmoja wa chuchu ya mpira, mwingine wa kifuniko kinachoingiza hewa. Siku moja ilinuka maziwa yaliyochacha. Mama yako akaisafisha vile alivyokufundisha kusafisha kibuyu: akatia kaa la moto ndani, akatikisa. Usimlaumu. Kioo kilimpasukia mikononi.

Dukani ilikuwa imebaki chupa moja ya zamani, bapa, yenye mrija mrefu wa mpira. Mtoto akiwekewa mrija mdomoni hujinywesha peke yake. Mumeo akaileta. Shangazi yako alifurahi, akasema sasa mama yako atapata nafasi ya kulima. Nikakataa. Nikawaeleza kwamba maziwa hubaki ndani ya mrija yakaoza, wala hakuna brashi inayofika huko. Ndiyo maana mafundi waliuacha mrija, wakaifungua chupa pande zote mbili ili maji yapite moja kwa moja.

"Basi mnyonyeshe wewe, mwalimu," akasema shangazi yako.

Tukamlisha kwa kijiko. Alitema, akapaliwa, mwisho akaacha hata kulia. Mumeo alikuwa amemwagiza mwenzake wa reli kule Mombasa chupa nyingine ya midomo miwili, akawa anangoja kila treni pale stesheni. Huku nyumbani mama yako aliushika ule mrija, akanitazama. Wakesho, nilikuwa karibu kuukubali.

Ndipo mumeo akatokea, amepanda kilima mbio, chupa ameifunga ndani ya koti. Tukaichemsha. Mwadime aliishika chuchu, akaiacha. Tukangoja. Akaishika tena. Vipovu vikaanza kupanda kutoka ule mdomo wa pili, nami nikaanza kumweleza mama yako habari za hewa. Akaniambia ninyamaze, kwa sauti yako kabisa.

Pumzika, mwanangu. Nakuahidi chupa hii nitaiosha mimi mwenyewe, kwa brashi na maji ya moto, mpaka atakapoweza kushika kikombe. Mengine nitakueleza tukikutana.

Nafupisha: anakunywa.

Baba yako