Mvua ya Genova na Subira ya Sulle

Genova, Italia
Jumapili mchana

Dada Emiliana,

Shikamoo. Na mama mpe shikamoo yake, umshike mkono kwanza ndipo umwambie inatoka kwa Paskalina, maana uliniandikia kwamba siku hizi hamtambui mtu mpaka aongee. Ile dawa ya matone anaitia machoni, au anaificha chini ya mto kama alivyofanya ile ya kifua? Na ng'ombe aliyezaa, ndama ni jike? Mimi mwili ni mzima. Hayo mengine ndiyo yamenikalisha niandike.

Huku inanyesha. Imenyesha juma zima bila hata kupumzika kunywa chai. Wageni wa Signora Ines, huyu mama mwenye nyumba ya wageni ninayofanyia kazi, wamekuja kwa ajili ya bahari, na bahari yenyewe imekuwa rangi ya maji ya kuoshea sufuria. Asubuhi wanashuka kunywa kahawa, wanatazama dirishani, kisha wananitazama mimi. Nilipokuwa nafagia hotelini kule kwetu ukingoni mwa kreta ilikuwa vivyo hivyo. Ukungu ukifunga wasione tembo, wanatununia kama vile ukungu tuliupika sisi jikoni. Kumbe watalii ni walewale, hata wakiwa kwao.

Sijawahi kukusimulia mvua yangu ya kwanza hapa, niliona aibu. Niliposikia matone juu ya paa, nilitupa ufagio, nikakusanya ndoo, makarai, sufuria kubwa na hata bakuli la saladi, nikapanga vyote kwenye baraza la juu nikinge maji. Nilifanya haraka kweli, dada, nikilowa na kufurahi, nikiwaza leo hakuna kwenda kisimani. Kugeuka, wageni wamejazana mlangoni na Signora mbele yao ameshika kichwa. Akanichukua taratibu hadi jikoni, akafungua bomba, akaniacha nilitazame. Walicheka, nami nikacheka nao. Halafu nikaenda kumwaga yale maji mazuri, nikalia, maana hapakuwa na mtu hata mmoja wa kuniambia hongera kwa mvua.

Sasa Signora amenipa kazi hiyo, mvua ikinyesha niwatafutie wageni la kufanya. Kwetu mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huku ya tatu unampa karata. Wakichoka karata nawapeleka sokoni, soko lote lina paa, wakanuse samaki na jibini bila kulowa. Wengine nawapeleka kanisani kutazama picha, wanatazama sana ila hawapigi magoti. Wakorofi nawaweka jikoni watwange majani ya mrehani kwa ajili ya mchuzi wa hapa, kwenye kinu cha jiwe kidogo ambacho wewe ungekidhania cha mtoto. Wanatoka jasho, wanapigana picha, wanaona wamefanya kazi. Sukari iko mezani tele, nao wanakunywa kahawa chungu.

Lakini nisikufiche. Nina upweke, Emiliana. Nawachangamsha watu kutwa nzima na hakuna anayejua nimetoka nyumba ipi wala mama yangu anaitwa nani. Kwetu mvua ikinyesha majirani wanaingia, mnakaa jikoni, mnachoma mahindi, mnasemana. Huku kila mtu anafunga mlango wake. Kuna siku naongea Kiiraqw chetu na pasi ninaponyoosha mashuka.

Alhamisi nilimpeleka mgeni mmoja, Signora Carla, mjane kutoka Torino, kwenye jumba la makumbusho ya wanyama. Wanyama wenyewe wamekufa zamani, wamekaushwa na kujazwa, wamewekewa macho ya kioo. Tukafika kwa nyati. Mgeni anamsifia, mimi nimesharudi nyuma natafuta mti wa kupanda. Alicheka hadi akashika ukuta. Kisha akaniuliza kama kwetu tunawaona karibu hivyo.

"Wanatoka msituni wanakula mahindi," nikamwambia. "Tunawafukuza kwa kupiga debe."

"Nani anapiga?"

"Dada yangu."

"Na mumewe?"

"Hajaolewa. Yuko anayemtaka, analima vitunguu Mang'ola. Anasubiri."

"Anasubiri nini?"

Nikafungua mdomo niseme mavuno. Nikataka kusema macho ya mama, na kwamba mama hataki kusikia habari za kuhamia Mang'ola kwenye joto na mbu. Maneno yaliyotoka ni mengine kabisa.

"Ananisubiri mimi nirudi."

Yule mama alinipa kitambaa chake, tukakaa kwenye benchi mbele ya nyati mpaka mlinzi akatuambia wanafunga.

Katika barua yako uliandika habari za ndama, ukaandika sabuni haipatikani dukani, na katikati hapo ukachomeka, "Sulle ameulizia tena, nimemwambia bado." Kisha ukaendelea na habari za paa linalovuja. Hukuniuliza narudi lini. Wewe hujawahi kuniuliza, na mimi nilijifanya hiyo ni ruhusa.

Signora Ines alitaka nimjibu kabla ya mwisho wa mwezi kama naongeza miaka mingine miwili. Jana nimemjibu kwamba narudi nyumbani. Alikasirika kidogo, akasema nani sasa atawashughulikia wageni siku za mvua. Baadaye akanikumbatia, akaniuliza mama anaitwa nani. Ndiyo mara ya kwanza ameuliza.

Nisalimie mama mdogo Theresia, na mjomba mwenye mizinga, mwambie asali ya huku haina moshi wala ladha. Msalimie mzee Qamara jirani yetu, anayekusaidia kuziba ua, na katekista wetu, kwa maombi yake.

Na Sulle mwambie alete wazee wake. Mama atakaa na mimi. Debe nitapiga mimi, nyati nao watanizoea. Nimeshalifikiria, dada, najua nitarudi nyumbani halafu wewe ndiye utaondoka, na jikoni nitabaki nikikutafuta kama ninavyokutafuta huku. Ni haki yako, umekaa vya kutosha. Nakuomba kitu kimoja tu, msifunge ndoa kabla sijafika. Kabla hujapanda lori la Mang'ola, tulale hata usiku mmoja sisi watatu kitanda kimoja, mama katikati.

Mdogo wako,
Paskalina