Komeo Nimelirudisha

Mwanangu,

Ukitoka kazini usilale kwanza. Binti yako ameondoka asubuhi bila kunywa chai, na shuleni wanasema hajafika. Simu yake ameiacha kitandani.

~~Kosa ni lake.~~ Alipokuwa akioga niling'oa komeo la mlango wake nikalitia mfukoni. Siku hizi anajifungia mno, nami moyo hautulii. Akaniuliza, "Babu, kwa hiyo hata nikitaka kulia, nikalilie sebuleni?" Nikamjibu kwamba nyumba ni yangu. Mimi huyu, niliyesomea malezi ya vijana shule ya usiku na kuwasumbua nyote kwa cheti changu!

Ninakwenda kumtafuta kituo cha basi, kisha kwa rafiki yake, yule msusi. Wewe usitoke, asije akakuta nyumba tupu. Chai imo kwenye chupa. Tafadhali usimgombeze.

Mjukuu wangu, ukinitangulia kurudi: komeo nimelirudisha. Limekaa upande kidogo. Jifungie utakavyo, mama. Nitabisha hodi, na usipotaka kufungua nitaondoka. Ila uwe humo ndani.

Babu yako